Waliotusindikiza Hadi Kivukoni

UJUMBE WA JUMAPILI
Somo: 2 Samweli 19:31–40
Soma pia: 2 Samweli 17:27–29, 1 Wafalme 2:7, Marko 7:9–13, Yoshua 3:14–17

 

Kama umewahi kuvuka Likoni asubuhi watu wakienda kazini, unajua vile tunavyokimbia. Feri ikifika na mlango ukiteremshwa, macho yote yako mbele. Huoni mtu akigeuka nyuma kumtafuta aliyemleta. Leo Bwana amenipa neno la kutufanya tugeuke nyuma kidogo. Mwambie jirani yako, "Geuka kidogo." Amina.

Turudi kwenye somo letu. Daudi alikuwa amekimbia Yerusalemu kwa sababu ya mwanawe Absalomu. Mfalme mzima alipanda mlima akilia, bila viatu. Akavuka Yordani, akafika Mahanaimu akiwa amechoka na watu wake wana njaa. Ni nani aliyempokea? Watu watatu, na mmoja wao ni mzee anayeitwa Barzilai Mgileadi wa Rogelimu. Walileta vitanda, vyombo, ngano, shayiri, maharagwe, dengu, asali, siagi na kondoo. Walisema, hawa watu wana njaa na kiu, tena wamechoka huku jangwani. Hawakumuuliza Daudi kama atashinda vita. Walimlisha tu.

Sasa vita vimeisha na Daudi anarudi nyumbani. Mto ni ule ule, Yordani, na mstari wa 18 unazungumza juu ya kivuko cha kuwavusha watu wa nyumba ya mfalme. Hapo kivukoni watu ni wengi. Shimei yuko, yule aliyemtupia Daudi mawe na matusi, sasa amekuja mbio kuomba msamaha. Siba yuko na wanawe 15 na watumishi 20. Wengi wana jambo wanalolitafuta. Lakini Barzilai, mzee wa miaka 80, ametembea kutoka Rogelimu kwa sababu moja tu: amekuja kumsindikiza mfalme.

Daudi anamwambia, twende wote Yerusalemu, nitakutunza. Mzee anakataa kwa upole. Anasema, mimi masikio hayasikii tena waimbaji, ulimi hauonji tena chakula, nitakuwa mzigo kwa bwana wangu. Nitavuka nawe kidogo tu, halafu nirudi nikafe mjini kwangu, karibu na kaburi la baba na mama. Lakini huyu hapa Kimhamu, mchukue yeye. Mfalme akambusu mzee, akambariki, naye Barzilai akarudi kwao.

Ndugu yangu, dada yangu, ebu nikuulize. Barzilai wako ni nani?

NJIA YA BWENI

Wacha niwaambie habari yangu mwenyewe, na sijaisema mara nyingi.

Mama yangu alikuwa mtu wa upande wa Tanga, aliolewa Kwale. Alipofariki nilikuwa darasa la tatu, kaka yake akaja kunichukua. Mjomba aliishi ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, kijiji cha minazi, mwendo wa saa 3 kwa miguu kufika Bweni.

Kwa wale ambao hawajafika: Mto Pangani unatoka mbali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Maji ya milima hiyo miwili hukutana katika bwawa linaloitwa Nyumba ya Mungu, ndilo jina lake kabisa, kisha huteremka hadi Bahari ya Hindi. Pale mto unapoingia baharini kuna makao ya watu pande zote mbili. Kaskazini ni Pangani, mji wa kale wa Waswahili. Kusini ni Bweni. Katikati ni maji. Sisi tunasema feri, wenzetu kule husema pantoni. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Kazi iko kwenye kutembea: kufika Bweni, na ukishavuka bado una safari ya karibu kilomita 50 kwenda Tanga mjini.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 19. Niliamua kuja Mombasa kutafuta kazi. Tuliondoka nyumbani alfajiri, mjomba na mimi. Begi langu alilibeba yeye, akakataa kunipa. Siku zote mjomba alikuwa mtu wa baiskeli, nazi zake alizipeleka Pangani kwa baiskeli. Siku hiyo tulikwenda kwa miguu. Nikafikiri moyoni, amependa tutembee ili tupate kuongea. Tuliongea kweli. Alinifundisha njiani mambo ambayo hadi leo nawahubiria vijana: usikope pesa kwa mtu unayefanya naye kazi, usilale kwa mtu bila kujua jina la mama yake, ukila kwa mwenzako osha chombo.

Tulipofika Bweni, nauli ya pantoni iliyokuwapo ilikuwa ya mtu mmoja. Akaniweka mkononi pesa za basi, zimefungwa kwenye leso. Akaniambia, "Mjomba, ukifika usiisahau njia."

Nikamwambia, "Sitaisahau, mjomba."

Pantoni ikaondoka. Nilipofika katikati ya mto niligeuka nikamwona bado amesimama. Akainua mkono mara moja, akageuka akaanza kutembea. Alikuwa na mwendo wa saa 3 za kurudi, peke yake, jua likiwa limeshapanda. Jioni ya siku iliyofuata nilivuka Likoni, na pale hakuna aliyenishika mkono.

Kanisa, niliisahau njia.

Mwanzoni nilituma pesa mara mbili kwa mtu wa basi. Halafu nikaokoka, nikaanza huduma, nikaoa. Mjomba hakuwa wa imani yetu, na ndani yangu nikawa naogopa kwenda. Nilijiambia, nikienda wataniuliza maswali, na shughuli zao siziwezi, mimi sasa nimeokoka. Mwaka 2008 nikapigiwa simu: mjomba amefariki, maziko ni kesho. Wiki hiyo tulikuwa na mkutano wa injili na mimi ndiye mhubiri. Nikatuma pesa ya matanga kwa kondakta wa basi, nikapanda jukwaani nikahubiri juu ya upendo. Watu waliokoka. Namshukuru Mungu kwa roho zile. Lakini nilijua mahali nilipotakiwa kuwa.

Nilikwenda mwaka 2011. Nikavuka kutoka Pangani hadi Bweni, nikaenda kijijini. Mkaza mjomba alikuwa hai, amezeeka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanipa mkeka nikae. Nikatoa bahasha. Ilikuwa na pesa nyingi, maana hatia ilikuwa nyingi. Akaitazama, hakuishika. Akasema, "Sisi hatukukudai pesa, mwanangu. Tulikudai miguu."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Ile baiskeli mjomba aliiuza siku mbili kabla sijaondoka. Pesa zilizofungwa kwenye leso ndizo baiskeli. Hakununua nyingine tena. Miaka 12 alikwenda Pangani kwa miguu, kwenda na kurudi, nazi amezibeba begani.

Nilikuwa nimefikiri alitaka tu tutembee tupate kuongea.

1. ALIYEKUBARIKI SI LAZIMA AVUKE NAWE

Hii ndiyo mara ya kwanza nilipoanza kumwelewa Barzilai. Sisi hupenda kuhubiri juu ya watu wanaovuka: Musa na Bahari ya Shamu, Yoshua na Yordani, Eliya na Elisha. Lakini Biblia ina watu wengi wanaobaki ng'ambo. Katika Matendo 21 Paulo alipoondoka Tiro, waamini wote, pamoja na wake zao na watoto, walitembea naye mpaka nje ya mji. Wakapiga magoti ufuoni wakaomba. Paulo akaingia melini, na wao wakarudi makwao. Majina yao hatuambiwi. Ibrahimu naye, katika Mwanzo 18, wageni wake walipoinuka kwenda, alitembea nao kuwasindikiza. Kwetu pia ndivyo tulivyolelewa: mgeni humwachi mlangoni.

Wewe uliyesoma hadi chuo, kuna mtu alikatwa mshahara. Wewe uliyefika Nairobi ukapata kazi, kuna mama aliuza mbuzi, au shangazi alikulaza chini ya meza yake miezi sita. Hakuvuka nawe. Hajui ofisi yako iko ghorofa ya ngapi. Alikufikisha majini akarudi zake. Na huenda hakukwambia alichouza.

2. PESA HAIENDI MAHALI PA MIGUU

Nisikilize vizuri hapa, maana sitaki mtu atoke akisema mchungaji amekataza kutuma pesa. Tuma! Mama akihitaji dawa, tuma leo. Simu ni baraka. Lakini simu imetufundisha tabia mpya. Tunabonyeza, tunaona ujumbe kwamba pesa imefika, na dhamiri inalala usingizi. Mzee ni mgonjwa: tuma. Harusi ya binamu: tuma. Matanga: tuma. Miaka 7 hujakanyaga kwenu, na ukiulizwa unasema, "Lakini mimi huwa natuma."

Katika Marko 7, Bwana Yesu anawakemea watu waliokuwa na njia nzuri sana ya kukwepa wazazi. Mtu alisema, mali ambayo ingekusaidia, baba, ni Korbani, yaani nimeshaitoa kwa Mungu. Yesu akasema, kwa desturi hiyo mnalitangua neno la Mungu. Ninapoisoma sura hiyo sasa nasikia jina langu. Korbani yangu ilikuwa mkutano wa injili. Nilimtumia Mungu kama sababu ya kutokwenda kuzika mtu aliyenilea. Na kuna mtu hapa Korbani yake ni kwaya, au ni mkesha, au ni kamati ya ujenzi. Kazi ya Mungu ni njema, lakini Mungu hakukutuma ujifiche ndani yake.

Wengine tumejificha nyuma ya wokovu. Tunasema, "Kule kwetu kuna mila, siwezi kwenda." Mpendwa, kuna mambo mtu aliyeokoka hashiriki, hilo ni kweli, nami nasimama nalo. Lakini kuchota maji ya wageni si mila mbaya. Kukaa na mjane si ushirikina. Unaweza kukaa mkekani siku tatu na wokovu wako usipungue hata tone. Timotheo wa Kwanza 5:8 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani. Mtume hakuweka sharti kwamba wawe wamebatizwa kanisani kwenu.

3. DENI LAKE HULIPWA KWA WATOTO WAKE

Utaniuliza, "Mchungaji, na kama wangu ameshakufa?" Wangu alishakufa. Ndiyo maana naipenda sehemu hii.

Barzilai alimtanguliza Kimhamu, na Daudi akavuka naye. Daudi alipokuwa anakaribia kufa, alimwagiza Sulemani, katika 1 Wafalme 2:7, awafanyie wema wana wa Barzilai, wale mezani pake. Mambo ya ufalme yalikuwa mengi, lakini mzee wa kivukoni hakusahaulika. Tena ukisoma Yeremia 41:17, miaka kama 400 baadaye, Yerusalemu limeshaanguka, utakuta bado kuna mahali karibu na Bethlehemu panaitwa kwa jina la Kimhamu. Wengi huamini ni kipande cha ardhi alichopewa na nyumba ya Daudi. Asali na maharagwe ya mzee mmoja, na jina la Kimhamu liko kwenye ramani vizazi vingi baadaye!

Mkaza mjomba alikuwa na mjukuu aliyekuwa anaanza sekondari. Akaniambia, "Kama unataka kutoa, mtazame huyu." Tukamsomesha, mke wangu na mimi, mpaka akamaliza. Na lile deni la miguu nalo nilianza kulilipa. Kila mwaka nikienda, navuka Pangani, nashuka Bweni, natembea hadi kijijini. Vijana wa bodaboda pale hunicheka, wananiambia, "Mzee, panda, utafika na vumbi." Nawaambia vumbi ndilo nimelifuata.

Sisemi nimemaliza kulipa. Mjomba hayuko pale ukingoni. Lakini wale waliobaki wanajua sasa kwamba kuna mtu wao ng'ambo.

KWA ALIYEFUKUZWA

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mimi sikusindikizwa. Mimi nilifukuzwa." Nakuheshimu. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Wako waliotembea mwezi kwa mwezi, wakafikishwa kwenye maji yale yale wakiwa wamefungwa. Walioletwa hivyo hawakuwa na deni la shukrani kwa waliowaleta. Kama wewe uliletwa ukingoni kwa fimbo, neno la leo halikulazimishi kurudi kwa aliyekupiga. Shimei alikuja mwenyewe hadi mtoni kuomba msamaha. Si Daudi aliyemfuata. Lakini mwombe Roho Mtakatifu akuonyeshe, maana hata katika nyumba mbaya mara nyingi kulikuwa na mmoja aliyekufichia chakula. Huyo ndiye Barzilai wako.

4. YUKO MMOJA ASIYERUDI UKINGONI

Wazee wa Kilifi wanakumbuka feri ya Mnarani kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Kule Pangani nako ujenzi wa daraja umeanza miaka hii ya karibuni. Ni jambo jema, wagonjwa watafika hospitali haraka. Lakini kila mtu atakuwa anapita tu, na ule ukingo wa kusimama na kuinuliana mkono hautakuwapo tena. Itabidi tukumbuke wenyewe.

Hata hivyo, wapendwa, upo mto mmoja ambao hauna daraja la serikali wala pantoni. Siku moja utafika pale. Mke wako atakusindikiza hadi ukingoni, watoto watakusindikiza, mchungaji ataomba, na sisi sote tutageuka turudi nyumbani kula wali wa matanga. Barzilai mwenyewe alivuka Yordani kidogo tu akarudi. Upendo wa binadamu, hata ukiwa mkubwa namna gani, una mahali unapoishia.

Lakini soma Yoshua 3. Mto ulikuwa umefurika hadi kingo zake. Makuhani waliobeba sanduku la agano walitangulia kuingia, na mstari wa 17 unasema walisimama imara katikati ya Yordani, mpaka taifa lote likaisha kuvuka. Hawakusimama ukingoni. Walisimama katikati! Hiyo ni picha ya Yesu Kristo. Yeye aliingia mautini kabla yako, amesimama katikati, na hataondoka mpaka mtoto wa mwisho, kilema wa mwisho, mzee wa mwisho awe amevuka. Nani anampenda Yesu huyo? Haleluya!

Na huyo Yesu, akiwa msalabani, maumivu yakiwa makali, alimtazama mama yake akamkabidhi kwa Yohana. Alikuwa anaokoa ulimwengu mzima na hakusema ana kazi nyingi. Kama yeye alipata nafasi, mimi na wewe tutasema nini?

WITO

Ukiwa hujampa Yesu maisha yako, usiendelee kuutembelea mto bila kujua utavuka na nani. Mwite leo. Mahali ulipo ukisoma karatasi hii, anakusikia.

Na wewe uliyeokoka, wiki hii taja jina moja. Mtu mmoja aliyekufikisha majini. Kama yuko hai, mpigie simu, lakini usimpigie kumwambia umemtumia kitu. Mwambie unakuja lini, siku na tarehe. Halafu uende. Kama amelala, watafute wa kwake.

SALA

Baba katika jina la Yesu, tunakiri kwamba tumevuka tukasahau. Tusamehe pale tulipolitumia jina lako kujificha. Wakumbuke wazee wetu waliorudi peke yao njiani siku ile. Wape uzima, na wale waliolala, tupe kuwafikia watoto wao. Tupe miguu ya kurudi. Na siku yetu ya kuvuka ikifika, simama nasi katikati ya maji. Amina.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Barzilai alimpa Daudi nini Mahanaimu, na aliomba nini alipolipwa?
2. Korbani yako ni ipi? Ni kazi gani njema unayoitumia kukwepa watu wako?
3. Kila mmoja ataje mtu mmoja aliyemsindikiza, na siku atakayokwenda. Mwandishi wa kikundi aandike tarehe hizo, na mwezi ujao muulizane.